Risasi ya Tatu Inakwenda Kushoto

Buchosa
9 Machi 2024

Kaka Nestory,

Shikamoo. Wifi hajambo? Maumivu ya mgongo yamepungua? Sisi afya tunayo, Winnie ameota meno ya mbele na anayajaribu kwa kila mtu. Mvua ndiyo imezidi, mihogo inaoza, na isiyooza inaliwa na nguruwe pori.

Usishangae kupata barua kama enzi za babu. Simu yangu anayo Masalu. Kaichukua wiki iliyopita, eti ananitunzia. Mume wangu ananitunzia simu, Kaka! Ndiyo maana nimemkabidhi Teodora, anayeleta dagaa huko Mwanza, akupe mkononi.

Kisa ni bunduki yake. Unajua ana kibali, na kijiji kizima kinamtegemea kwa hao nguruwe. Tangu mvua zianze anakosa. Leo anapiga pale pale, kesho risasi inakwenda kwa jirani. Juzi alimpata nguruwe wa kwanza, wa pili kasimama kama ng'ombe anayekamuliwa, Masalu akamkosa mara mbili. Baba yake mdogo, mzee Shimba, akasema mbele ya watu kwamba mwindaji akianza kukosa, mkewe ana mtu. Kwenye ukoo wao wa wawindaji ndivyo wanavyoamini. Na huyo mtu wameshanitafutia: Mihayo, fundi wa pampu ya kijiji, kwa sababu alikunywa uji kwangu. Uji, jamani!

Wazee watakaa baada ya Pasaka. Wakiamua nina kosa narudishwa kwetu, Winnie anabaki. Masalu hasemi kama ananishuku. Hasemi kama hanishuku pia. Anakula kimya, analala kaangalia ukuta.

Wewe umekuwa askari wa wanyamapori mpaka umestaafu. Niambie, bunduki inaweza kuharibika bila mimi?

Mdogo wako,
Odeta

Mabatini, Mwanza
14 Machi 2024

Mdogo wangu Odeta,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu sana, mgongo bado unamsumbua, mdomo mzima kabisa. Barua yako nimeisomea dukani, nikafunga duka. Nilitaka nivuke siku hiyo hiyo nije nimshike Shimba ndevu. Wifi yako akanikalisha, akasema nikija na hasira watasema tunaficha jambo. Amesema kweli, ingawa sikumwambia.

Sasa sikiliza. Bunduki inayokosa upande ule ule kila siku ni ya kurekebisha darubini tu. Inayotawanya, ujue kuna kitu kimelegea au kuna kitu kinausukuma mtutu. Peleleza taratibu. Anatumia risasi za aina moja au anachanganya za huku na huku? Skrubu mbili za chini, zinazoshika chuma kwenye ubao, zimekaza? Darubini inacheza ukiishika? Na hili ndilo kubwa: anakosa risasi ya kwanza, au zile zinazofuata mtutu ukishapata moto?

Ubao wa bunduki ile ni mti, na mti ukinywa maji unavimba. Ukivimba ukaegemea mtutu, kila mtutu ukipata moto unasukumwa pembeni. Kwanza hakikisha hakuna risasi ndani, Odeta, hakikisha mara mbili. Kisha chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na ubao, kutoka mbele ukirudi nyuma. Ikiteleza mpaka mwisho, hakuna neno. Ikikwama, huyo ndiye Mihayo wako.

Kula vizuri. Usiwape nafasi ya kukuona umekonda.

Kaka yako,
Nestory

Buchosa
30 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mvua, nimesikia huko Mirongo maji yameingia majumbani. Sisi wazima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu mwanamke haruhusiwi kuigusa ile bunduki, tena mimi mwenye kesi! Mara Masalu yupo, mara mama mkwe kakaa mlangoni anachambua mchele usioisha. Jumatano wote wakaenda msibani. Nikasema tumbo linaniuma, nikabaki.

Niliichukua bunduki. Nikafungua, nikatazama, hakuna risasi, nikatazama tena. Skrubu zimekaza. Darubini haichezi. Nikachukua karatasi ya kalenda ya kanisani, nikaipitisha. Ikaingia kidogo tu, ikang'ang'ania. Nikageuza upande wa pili, hivyo hivyo. Nikakaa chini nikalia kwa furaha, na bunduki mapajani, mtu angeingia angepiga yowe.

Jana nikamuuliza Masalu wakati wa kula, kama mtu anayepiga soga. Akasema risasi zote ni za boksi moja. Ya kwanza haikosi. Ya pili anabahatisha. Ya tatu inakwenda kushoto. Nikamwambia, ubao wako umevimba unasukuma mtutu. Akaacha kutafuna.

"Umeigusa?"

"Nimeigusa."

Nilidhani atanipiga. Akanawa mikono, akatoka nje. Aliporudi akaniuliza dawa yake ni nini.

Mdogo wako,
Odeta

Mabatini, Mwanza
4 Aprili 2024

Odeta wangu,

Marahaba, marahaba! Wewe ni mwanamke! Wifi yako amepiga kigelegele mpaka wapangaji wakatoka kuuliza nani anaolewa.

Dawa ni hii. Afungue zile skrubu, atoe chuma, ubao aukaushe ndani mbali na moto. Kisha achukue msasa, akwangue ule mfereji mtutu unamolala mpaka karatasi ipite bila kusukumwa. Asiwe na pupa. Apake vanishi ndani na nje maji yasirudi. Akifunga, akaze vizuri.

Ajaribu mbele ya wazee, Shimba akiwa mbele kabisa. Bunduki iegemee gunia la mchanga, wasije wakasema ni mkono. Risasi tatu mfululizo. Zikikaa pamoja, kesi yako imekwisha.

Kaka yako,
Nestory

Buchosa
21 Aprili 2024

Kaka Nestory,

Shikamoo. Naamini hamjambo. Winnie anakusalimu kwa meno yake mapya.

Imekwisha. Masalu aliukwangua ubao kama ulivyoelekeza, na jana wazee walikusanyika kule juu ya mashamba, Masalu kachora duara la mkaa kwenye mlango wa zamani. Tulipokuwa njiani, mimi na yeye tu, nilimwambia, "Baba Winnie, kabla hujapiga, niambie. Unaniamini au huniamini?" Akasema, "Tungoje tuone." Basi, tukaendelea kupanda.

Alipiga tatu. Zote ungezifunika kwa kiganja. Watu walishangilia, mama mkwe akanikumbatia akilia, na Shimba, huyo huyo Shimba, kanipa jogoo, eti nimesafika. Kila mtu ananipongeza kana kwamba nimetoka jela. Masalu alikuja mbio kaubeba ule mlango kichwani, anacheka, ananionyesha matundu: tazama, tazama! Simu kanirudishia hapo hapo. Ningeweza kukupigia, lakini hili nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, "Na kama zingetawanyika?"

Akaegemeza mlango ukutani. Nikamwambia mti ungeweza kuwa umepinda, au mtutu umechakaa, au macho yake, mambo ni mengi. Zingetawanyika jana, mimi ningekuwa nimelala na nani? Kaka, nilikuwa yule yule juzi na jana. Uji ni ule ule. Sikufanya kitu asubuhi, na sikufanya kitu jioni.

Alifikiri sana. Si mtu mbaya, unamjua, na niliona anatafuta neno zuri kweli kweli. Nilimsubiri. Nilitamani alipate kuliko yeye anavyotamani.

Mwishowe akanishika bega, akasema kwa upole, "Lakini Mama Winnie, hazikutawanyika."

Mwambie wifi atuandalie kile chumba cha uani. Nakuja Alhamisi na Winnie. Masalu nimeshamwambia, na ameuliza kwa nini.

Mdogo wako,
Odeta