Mafiga ya Mama Yako Nimeyang'oa

Papa Neema,

Ninakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya pipa, maana tangu asubuhi nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka mulangoni, narudi. Neema ameniuliza kama niko mugonjwa. Nimemwambia hapana, niko na haraka tu. Haraka ya nini, sikumwambia.

Unakumbuka jioni ile uliponiingiza katika hii jikoni, hapa Muheto? Mama yako alikutuma mutoni ulete mawe ya mafiga, ukapanda nayo kilima moja moja huku wadogo zako wanakucheka. Akayapanga chini yeye mwenyewe, akanishika mukono, akasema: "Hizi majiwe njo ndoa yako. Mwenye kuzing'oa amesema bwana amekufa." Niliogopa sana. Wewe ukainama kupuliza moto, ukainuka na masizi puani, na woga wote ukanitoka. Sombe ya siku ile, majani mazuri ya muhogo, niliiunguza. Ulikula yote, kisha ukauliza kama kwetu wanapika hivyo ao ni mimi peke yangu.

Halafu usalama ukaharibika, shamba la mbali hatukulifikia tena, ukaenda Mubi kutafuta maisha kwenye machimbo. Ulisema utarudi maharagi ikikomaa. Maharagi gani, Papa Neema? Hapa kando ya nyumba tumevuna, tumepanda, tumevuna tena. Neno lako la mwisho lilinifikia kwa simu ya dereva wa kamyo: uko salama, tusihangaike. Tangu hapo kimya. Na mimi nahangaika, nakukasirikia, na nikisikia pikipiki inapanda kilima bado naacha kila kitu kutazama nani anashuka.

Huku nyumbani, kuni nazo zikawa taabu. Tunakwenda mbali kwa kundi, tukiogopa kila kichaka, na wakati mwingine tunarudi mikono mitupu. Basi watu wa shirika moja wakaleta formasio kwenye sale ya mikutano ya parokia, kufundisha wanawake wasio na kazi namna ya kujenga jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Nikajiandikisha. Tulikanda udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa fupi. Unalaza kipande cha mugomba ndani ya udongo, ukianza kushika unakivuta polepole, na hapo njo mulango wa moto. Mikono yangu ilijua upesi, nilifurahi kama mutoto. Wakasema watanipa kazi ya kufundisha wengine, lakini kwanza mwalimu aje aone jiko langu likipika, ndani ya jikoni yangu. Hakuna muntu atakayemusikiliza fundi ambaye kwake bado anapikia mafiga.

Hapo njo shida ilipoanza. Mama yako alikataa. Nikafanya ujanja, nikalijenga nje, chini ya ukingo wa paa. Mvua ya Masisi unaijua, asubuhi nilikuta tope. Nikarudi kwake, nikapiga magoti, nikamweleza habari ya kazi, habari ya Neema na masomo yake. Hakupandisha sauti. Alisema: "Ukizing'oa, umemuzika mutoto wangu na yeye iko muzima." Nikamuuliza: "Mama, nani amekuambia iko muzima?" Hilo swali mimi mwenyewe ninalala nalo kila siku.

Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Sawa. Lakini mimi nimebaki figa moja kwa muda wote huu, na chungu kimeiva, na watu wa nyumba yako wamekula. Nikachukua jembe, nikayang'oa yote matatu, nikajenga jiko pale pale. Mama yako alikaa mulangoni akiangalia, mikono mapajani. Tukapikia kwa jirani mpaka jiko likauke.

Jana nililiwasha. Mwalimu alikuja, akaona kuni chache zinavyoivisha chungu kizima cha maharagi, akafurahi. Zamani, mama yako akikulilia alikuwa anasema ni moshi. Jana moshi haukuwapo, na machozi yakashuka, sote tukayaona, wala hakuyapangusa. Nilikwenda kukaa karibu naye. Alikula, lakini kidogo.

Kazi nimepata. Sasa sikia vizuri: wananituma Walikale kufundisha wanawake wa kule, na baada ya Walikale ni Mubi. Neema atabaki hapa na nyanya yake. Mama yako aliposikia jina la Mubi aliondoka, akaenda kuniazimia mufuko wa safari kwa jirani.

Njo maana siwezi kukaa. Naogopa nitakuta kaburi. Naogopa vilevile nitakukuta muzima, umenenepa, na muke mwingine anakupikia. Kama ni kaburi, nitalia mpaka nitosheke, kisha nitarudi kumwambia mama yako mimi mwenyewe. Kama ni muke, nitamusalimia, nitamuomba maji na udongo, nitamujengea jiko vizuri kama ninavyowajengea wanawake wote, maana hiyo njo kazi yangu sasa. Na wewe utakaa pale kwenye kiti, unitazame nikikanda, unieleze yote mpaka jiko liishe.

Usihame hapo ulipo. Nakuja.

Mimi Mama Neema,
muke wako, mpaka uniambie vingine kwa mudomo wako