Sinia la Shomari

Mtani wangu Bi Mwanaidi,

Pole na mapumziko. Ni mimi Maganga, Mnyamwezi wako wa Sofu, dereva wa lori ambaye Lubumbashi hata mbwa wananijua. Nina habari moja kubwa: Shomari amerudi.

Mwanao aliaga anakwenda kazini Mtwara. Kumbe waliomwahidi kazi kwa simu walimvusha mpaka msituni Msumbiji, kwa wapiganaji wa mataifa ambayo hata mimi sijafika. Akatoroka, akajisalimisha mpakani. Polisi wakamhoji kwa miezi. Zamani, mtani, angepotelea huko huko, tungesikia kimya tu. Safari hii ofisa wa polisi alimleta Kisarawe mwenyewe, akakaa mkekani, akasema, "Mkimfukuza ninyi, wale watampokea tena." Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiari yangu, lakini hilo liliniingia.

Shida ikawa watu. Siku ya arobaini yako pilau ikapakuliwa, kila sinia limezungukwa, kwenye la Shomari yuko peke yake. Hagusi. Macho yake barabarani. Nikajua akiinuka pale, hatumwoni tena.

Nikaingia ndani, nikajifunga kanga yako ya njano, nikatoka na mwendo wako, nyonga na yote. Mtani haulizwi msibani. Nikamsimamia: "We Shomari, nimekutuma samaki Mtwara, unaniletea polisi?"

 Kaka yako, Mzee Kondo, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia.

"Sauti ya marehemu ile ile," akasema, anacheka mpaka kofia inadondoka.

Uwanja ukaangua kicheko. Shomari naye akacheka, halafu akalia, mtani, akalia. Mzee Kondo akajivuta mpaka kwenye sinia lake: "Sogea, mchoyo we. Pilau yote hii yako?" Wakamzunguka, mimi niliyefanya kazi nikakosa pa kukaa.

Macho yangu yalitoa maji kidogo. Moshi wa kuni.

Siku hizi vijana wakipigiwa simu za kazi za nje, wanampelekea kwanza Shomari asikilize. Ameshawazuia wawili. Kila Jumatatu anaripoti polisi Kibaha. Nampeleka mimi, nikiwa safarini anakwenda na mjomba wake.

Basi lala salama, Bi Mwanaidi. Nakuahidi, hatakwenda kule peke yake hata Jumatatu moja, mpaka waseme inatosha. Wakishasema, namwoza mpwa wangu wa Tabora, ili Wazaramo mpate angalau mjukuu mmoja mwenye akili.

Mtani wako,
Maganga