Unga wa Chumba cha Kuchekecha

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimevalishwa kitambaa chekundu mkononi. Msimamizi wa usalama! Mimi, Hao Suqin, mfunga mifuko ya unga wa kusugulia lenzi. Meneja Ning aliwaambia wote kwamba nimechaguliwa kwa utulivu wangu. Nilimwelewa. Anataka mtu asiyesumbua.

Changhe alicheka njia nzima tukirudi nyumbani. "Mkuu wa barakoa! Mke wangu sasa ni serikali." Yeye yuko chumba cha kuchekecha, na barakoa yake inaning'inia kidevuni kama ndevu. Eti inamtia ukungu kwenye miwani.

Nimeanza na Wurina, mwenzangu wa kufunga mifuko. Nilimkuta anajipuliza nguo kwa bomba la upepo kabla ya kwenda kula. Unga ukatimka, wa waridi, ukamfunika hadi nywele. Nikamwambia bomba haliufukuzi unga, linaupeleka puani tu. Avue ovaroli, aoge, ndipo ale.

"Dada Qin, wiki iliyopita si tulikuwa tunapulizana wote?"

Kweli. Mimi nilimshikia bomba.

Jumatano, 6 Machi

Fagio nimezipiga marufuku. Sakafu ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Wamenuna. Kufika mchana ufagio mmoja umerudi — nikauvunja kwa goti! Goti linauma. Wamecheka sana.

Lakini feni ya kunyonya vumbi, ile ya juu ya chekecheke, inanguruma bure. Mifuko yake ya kuchuja imetoboka. Nilishika kipande cha karatasi kwenye mdomo wa bomba lake, kikaanguka chini. Hakikuvutwa hata kidogo. Nikaenda kwa Ning. Akasema tumalize kwanza oda ya wale wanaosugua lenzi kule kusini.

"Na tena, Dada Hao, hii si sumu. Hainuki, haiunguzi. Umeona aliyeanguka hapa?"

Sijaona. Hilo ndilo linalonitisha. Tindikali ikikurukia unapiga kelele, watu wanakuja mbio. Unga huu wa madini ya seriamu ni mpole. Unauvuta, unakwenda kula tambi zako, unazeeka nao. Ukiingia kifuani hauyeyuki. Unakaa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake — tumepewa nusu siku. Nikaenda na Wurina kumsalimia Fundi Bai. Ndiye aliyetufundisha kazi sote, Changhe pia. Kabla ya mwaka mpya walimstaafisha ghafla, wakampa blanketi.

Tulimkuta chini ya jengo lake, ametoka kununua maziwa. Tukapanda naye. Kila ghorofa alisimama akijifanya anasoma matangazo ukutani. "Hebu tazama, wanauza friji." Juu zaidi akasoma tangazo la kuzibua mabomba, pole pole, kama barua ya mtoto wake. Nasi tukalisoma. Tungefanyaje?

Mkewe alimimina chai ya maziwa yenye chumvi. Daktari amesema ni vumbi, limetia makovu kwenye mapafu, na kovu la mapafu halitoki. Fundi akamkatiza: ni baridi tu, majira yakibadilika atapona. Hajavuta sigara maisha yake yote.

Njiani kurudi Wurina hakufanya mzaha hata mmoja.

Jumatano, 13 Machi

Picha za vifua za kiwanda kizima zimerudi. Changhe aliniambia mezani, mdomo umejaa, kwamba anatakiwa arudi apigwe nyingine. Kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo.

Nikauliza wameona nini.

Vivuli. Vidogo. Pande zote mbili. Akaongeza siki kwenye tambi.

"Kesho unatoka kwenye kile chumba. Nina mamlaka hayo."

"Unitoe? Mbele za watu?"

"Nitakutoa."

"Haya. Na aingie nani? Unamjua mwenye mapafu ya chuma?"

Nikaenda kuosha vyombo, nikafungua maji kwa nguvu ili asinisikie nikilia. Alisikia. Alikuja akaanza kukausha mabakuli — Changhe, ambaye hajui hata yanakaa wapi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemkumbusha Ning habari ya feni. Amesema: oda.

Leo upepo umeleta mchanga wa jangwani. Mji mzima wa Baotou umevaa barakoa barabarani. Changhe naye! Amevuta kamba, amebana puani, kama mtoto mtiifu. Kufika chumba cha kuchekecha akaishusha kidevuni.

Jumatatu, 18 Machi

Ning aliniita ofisini. Mpole kabisa. Amesikia habari ya Changhe, atamhamishia getini, hewa safi, kazi nyepesi. Nikashukuru. Nikainama, nikashukuru tena.

Kisha: mahali pake ataingia Wurina. Ana mikono myepesi.

Ningesema kitu. Lakini furaha ilikuwa imeshaniingia na haikutoka upesi. Nilifika hadi mlangoni nikiwa nayo. Jamani, mimi ni mtu gani?

Wurina alimpigia Changhe saluti: "Shemeji amepanda cheo! Sasa magari yote yanamwomba ruhusa." Halafu akanivuta pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama mle ndani ni salama. Nikamwambia avae barakoa vizuri. Hayo ndiyo niliyomwambia. Barakoa.

Jumanne, 19 Machi

Wurina alitoka wakati wa chakula kope zake ni za waridi. "Nimepambwa, leteni bwana harusi!" Akavua barakoa. Chini ya pua palikuwa na mstari wa unga. Ndani ya barakoa! Tulizonazo ni za nyuso za wanaume, wake ni mwembamba, pembeni panabaki mwanya. Alicheka, akakohoa, akacheka tena.

Changhe alikuwa getini anatazama. Hakula.

Nyumbani nilimuuliza kama amemwona.

"Nina macho, Suqin."



Alhamisi, 21 Machi

Naandika nikiwa kiwandani, chumba cha kubadilishia nguo, mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi hii mfuko wa mwisho wa feni ulipasuka. Unga wote ukarudi chini. Nilichungulia kioo cha chumba cha kuchekecha nikaona wingu la waridi tu, zito, na mashine inaendelea kutikisika. Wurina simwoni. Namsikia anakohoa. Ning alikuwa kwenye simu na watu wa lori.

Nikashusha swichi kuu.

Sikujua kiwanda kina kelele kiasi gani mpaka kiliponyamaza.

Nilifunga kabati la umeme, nikauvaa ufunguo shingoni, nikamtoa Wurina kwa kumshika kiuno. Yuko hapa nami, kichwa chini ya bomba, anaosha macho. Nimemwambia asisugue, aache maji yapite.

Ning yuko nje. Alianza kwa "Dada Hao, tuzungumze." Feni itatengenezwa kesho, anaapa. Lori linasubiri. Sasa ananiita jina langu lote, kama hakimu. Nasikia na wengine. Mmoja analalamika kwamba siku yao itakatwa. Mwingine anamwambia akalale mle chumbani basi, kama anapapenda. Kuna msukumano. Kitu kimeanguka.

Sasa kumetulia. Mtu anagonga, taratibu.

"Suqin. Nipe ufunguo."

Changhe. Ameacha geti. Sauti haina hasira, wala haina kitu kingine ninachokijua. Nimemuuliza anautakia nini. Anagonga tena, mara moja. Labda Ning yupo ubavuni mwake. Akimpa Ning ufunguo, mashine itawaka na mtu ataingizwa mle. Akiuficha yeye, Ning atakuwa na watu wawili wa kupambana nao.

"Upitishe chini ya mlango."

Wurina amefunga maji, ananitazama, macho mekundu. Anatikisa kichwa — usitoe.

Nimelala sakafuni nichungulie mwanya. Naona viatu vya Changhe, ncha zinanielekea mimi. Nyuma yake kuna viatu vingine, vingi, vya kazi, vina unga wa waridi. Naona visigino tu. Wote wameupa mlango mgongo, ukuta kati yetu na Ning.