Gitaa la Mkono wa Kushoto

Katindiuka, Ifakara

Mayu wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Masanja, mwanao wa huku bondeni. Goti limepungua kuuma? Ile dawa ya kuchua aliyoleta shangazi unaitumia, au umeifungia kabatini kama ile ya kwanza? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kazi ya mashine ya mpunga inaendelea. Ulisema simu inakata kabla hujashiba maneno, basi leo nimekaa niandike. Neema mdogo wangu, msomee mama taratibu, usiruke.

Mama, unajua tangu mkanda wa mashine uninyang'anye vile vidole viwili vya mkono wa kushoto, kwaya niliiacha. Kidonda kilipona vizuri, lakini vidole vilivyobaki havikuweza kubana nyuzi. Kila nikijaribu, gitaa linakoroma tu. Mwishowe nikalibeba kwenda kwa Dada Veronika, fundi wa Kipogoro anayetengeneza magitaa kwa mkono hapa Katindiuka, katika banda la useremala aliloachiwa na baba yake. Nilitaka anitafutie mnunuzi.

Hata mfuko hakuufungua. Alinishika mkono wa kulia, akauliza, "Huu una nini?"

"Hauna kitu."

"Basi utabana nyuzi kwa huu, ucharaze kwa wa kushoto. Kidole gumba si kipo?"

Nilikasirika, mama. Nikamwambia, "Dada, mimi nimepiga gitaa tangu utotoni. Nianze upya kama mtoto wa chekechea?"

"Sijasema ni rahisi. Ukitaka kuuza, tutauza. Lakini fikiria kwanza."

Nikamwambia kama ni hivyo, si nigeuze tu nyuzi za hili langu? Akacheka, akanionyesha gitaa ambalo hajalifunika mgongo. Kumbe ndani kuna vibao vyembamba vilivyobandikwa mshazari, kufuata upande wa nyuzi nene na upande wa nyembamba. Ukigeuza nyuzi peke yake, sauti inafifia. La kushoto linajengwa la kushoto tangu mwanzo.

Nilikaa na maneno yale siku kadhaa, kisha nikarudi kumwambia atengeneze.

Mgongo na mbavu akachagua mtiki. Ubao wa uso aliniachia mimi. Alinigongea vipande vya mkangazi karibu na sikio, kimoja kikalia kama ndoo iliyopasuka, kingine kikaitika hadi nikasisimka. Nikachukua hicho. Akapima kiganja changu kwa kamba, halafu akanichongea kijiti chenye unene wa shingo ya gitaa, akakifunga nyuzi, akaniambia nikafanye mazoezi. Basi wakati wa mapumziko nikawa nakaa juu ya magunia ya mpunga, nabana nyuzi zisizolia. Wenzangu walicheka wee! Mmoja akauliza kama nimeanza uganga.

Halafu ikaja mvua. Mto ulijaa, mashamba ya kule Kivukoni yakawa maji matupu, na mbao zikanyonya unyevu. Siku moja nilifika bandani nikakuta uso wa gitaa umepasuka kutoka kwenye tundu hadi chini. Veronika ameketi anautazama.

"Pole, dada," nikamwambia. "Tuache tu."

"Uache wewe? Haraka ilikuwa yangu. Ningesubiri ubao ukauke."

Akaubandua uso wote, akaenda kutundika ubao mwingine jikoni kwake, juu ya meko, ukae pale hadi jua lirudi. Mimi nilirudi nyumbani sina matumaini, mama, nakwambia kweli. Ila kile kijiti sikukiacha.

Juma lililopita akaniita. Nilikuta gitaa liko juu ya meza ya randa, rangi yake ya asali. Nililipakata upande ambao sijawahi kupakata gitaa maishani. Nikapiga ule wimbo unaouimba ukipura mtama, polepole, nakosea, narudia, hadi nikaufikisha mwisho. Nikamwambia Veronika natoka kidogo kunywa maji.

"Mtungi uko kule nyuma," akasema, bila kuniangalia. "Wengi huwa wanakwenda kunywa maji."

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, shangazi wa dawa ya kuchua, na jirani yetu Mama Kulwa aliyelala kwako siku zile nilipoumia. Mwambie sijasahau.

Jumapili ijayo narudi kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya amenipangia wimbo mmoja tu, ule unaopigwa watu wakitoka kanisani, kwa sababu anasema hata nikikosea, kelele za mabenchi zitanifunika. Nimemshukuru. Lakini mama, mimi naomba siku hiyo watu wakae kidogo kabla ya kunyanyuka, wanisikie, hata nikikosea.

Nakukumbatia kwa mikono yote miwili,

Mwanao Masanja