Maji ya Tarumbeta la Baba

Kwako Dada Letisia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta huko Dodoma ukiwa mzima, pamoja na shemeji na mtoto wenu mchanga, ambaye nasikia amefanana na mimi, kwa hiyo mshukuruni Mungu. Sisi hapa Masakta tunaendelea. Mama hajambo, mbaazi zimekubali, na mimi nazidi tu kuwa mzuri.

Uliuliza kwenye simu ile jioni ya muziki kule Katesh ilikuwaje. Sikujibu kwa sababu mama alikuwa karibu. Basi soma.

Dada, ulikosa. Walikuja wapiga fidla kutoka Arusha, wamevaa nyeusi tupu, wakakaa uwanjani pamoja na bendi zetu zote za tarumbeta, za Balangdalalu, za Dirma, na kwaya nyuma. Zile ngoma kubwa zikilia, mabati ya jukwaa yanatetemeka. Mimi nilivaa koti la baba, nikabeba tarumbeta lake, lile la besi. Hhando wa Dirma, anayepuliza kama anapoza uji, akanitania kwamba tarumbeta ndilo limenibeba mimi. Nikamwambia asubiri.

Desturi ya bendi yetu unaijua. Mpulizaji akifa, tarumbeta lake linazibwa kwa kitambaa, na maji ya pumzi yake yaliyobaki ndani hayatolewi mpaka mtoto wake alipulize mbele za watu. Halafu maji ya baba na ya mtoto yanamwagwa pamoja kaburini. Mama aliyasubiri hayo tangu tuzike. Alisema ndipo atakapomuaga.

Tukapiga. Sikukosea hata noti moja, muulize yeyote. Watu walilia, dada! Mzee Margwe, kiongozi wetu, ambaye radi ilimuulia ng'ombe asilie, alifunika uso kwa kofia. Hhando kamasi zilimtoka. Mimi nilikuwa natazama tu. Napuliza, napumzika, napuliza. Ndani yangu palikuwa kama darasa wakati wa likizo. Hata mazishini uliniona, macho makavu.

Asubuhi mama alifunga kitenge kipya tukaenda kaburini. Nikafungua koki ya tarumbeta, ile ya kutolea maji, yakatoka maji kidogo. Akayakinga mengine kiganjani, akajipaka usoni, akamwambia baba aende salama. Tangu siku hiyo analala mpaka jua linatoka.

Sasa hili ni la kwako peke yako. Kabla hatujaanza, yule mwongozaji wa Arusha alisema wapulizaji wote tutoe maji, hataki matarumbeta yanayokoroma. Wote wakafungua koki. Na mimi nikafungua, kama nilivyozoea. Maji ya baba yaliishia kwenye nyasi za Katesh, nikayakanyaga. Nilikuja kukumbuka katikati ya muziki, na hata hapo sikusikia kitu.

Kwa hiyo yale ya kaburini yalikuwa yangu tu. Ndiyo maji pekee niliyomtolea baba.

Ukiona mama aambiwe, njoo umwambie wewe. Mimi mdomo haufunguki.

Msalimie sana shemeji. Mama anakusalimu, na majirani wote.

Ni mimi mdogo wako, mpulizaji,
Bura