Zigongane Zenyewe

Leipzig, 9 Februari 1984

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila situlii. Mjomba Amour kaniandikia kuwa Baba kakupa talaka moja, umehamia kwake Nguvumali. Mama, rudi nyumbani Raskazone kabla eda haijaisha! Baba nimemwandikia akurejee.

Na maabara ya chuo huku imenishinda. Tunaunda kitu kwa chembe ndogo mno, hazishikiki kwa mkono wala koleo. Unazitia kwenye maji ya moto, joto linazihangaisha, zinagongana ovyo, zinazolingana zinashikana zenyewe. Zangu zinashikana kombo, donge tupu. Nina hasira!

Mwanao,
Tuhfa

Nguvumali, Tanga, 20 Machi 1984

Mwanangu Tuhfa,

Marahaba. Wazima, alhamdulillahi. Sabuni ndiyo hakuna, tunafulia majani ya mpapai.

Babako kaja na barua yako mpaka barazani kwa mjombako, anasoma kwa sauti: "Tuhfa kaniamuru nikurejee." Kaamriwa! Nikamfungia mlango. Sitaki mume wa kuamriwa, mwanangu. Tuache. Jumamosi tunakutana foleni ya duka la ushirika, twapigana vikumbo, hatusemi.

Mama yako

Leipzig, 30 Aprili 1984

Mama,

Shikamoo. Niwie radhi, nimelia sana. Kosa langu la maabara nimeliona: nilizipoza upesi, zilizoshikana kombo zikakwama vilevile. Sasa naacha joto lishuke polepole. Zilizokosea zinaachana, zinagongana tena mpaka zipate pa kukaa. Jana zimejipanga, Mama! Baba simwandikii tena. Ila niambie, eda imeisha?

Mwanao

Leipzig, 2 Julai 1984

Mama, shikamoo. Kimya gani hiki? Silali.

Tuhfa

Raskazone, 18 Agosti 1984

Mwanangu,

Wazima sote. Eda iliisha, hakunirejea. Nililia, sikufichi. Vikumbo vya foleni vikaendelea. Jumamosi moja akanikanyaga, akasema pole. Nyingine akanishikia nafasi. Mwishowe tukacheka, basi akaleta posa upya, hakutumwa na mtu. Mahari nikataja mche mmoja wa sabuni, nikijua Tanga nzima haupatikani. Nilitaka nimwone akihangaika.

Mama yako

Binti yangu,

Naongezea hapa chini ya mamako. Nimehangaika mpaka Moa, mpakani na Kenya kule, nikaupata huo mche. Mamako kaufungia kabatini, hataki uguswe. Mimi bado nafulia majani ya mpapai.

Baba yako