Mzee wa Kwenye Lebo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, na umfikishie baba zake hapo kitandani hospitalini. Vipi mgongo wako, baada ya siku tatu za kulala kwenye kiti? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna raha.

Uliponipigia simu kuniambia kwamba fizi za baba zinatoka damu na mikono ina mabaka, nilikwambia tu uache kumpa yale matone ya mbegu za balungi niliyowatumia kwa ajili ya magoti yake, na umpeleke hospitali upesi. Nashukuru ulifanya hivyo, na chupa ukamwonyesha daktari. Umesema amekueleza kwamba matone kama hayo yanaweza kuzidisha nguvu ya vidonge anavyomeza baba vya kuzuia damu kuganda. Ukamjibu kwamba lebo inasema matone hayana madhara.

Dada, lebo hiyo niliiandika mimi.

Unajua kazi yangu ni kupanga maneno ya kubandika kwenye chupa. Mwaka jana nilimuuliza fundi wetu wa maabara kama matone yanatibu kweli. Alisema vijidudu vinakufa kwenye kisahani cha kioo, lakini mwili wa mtu si kisahani, na kwa wagonjwa hakuna aliyepima vya kutosha. Akaongeza kwamba baadhi ya chupa za namna hii, zilipochunguzwa kwingine, ilionekana nguvu yake ilitokana na kemikali ya kuzuia kuoza, wala si mbegu. Nilimsikia vizuri. Bosi alitaka maneno kabla ya saa sita, nikaandika.

Alitaka pia ushuhuda wa mteja. Mteja hakuwepo. Nikamtunga seremala mstaafu wa miaka sabini na mbili, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali, aliyepona kwa wiki mbili. Nilicheka peke yangu nikiandika. Kumbe wewe ulimsoma ukaniambia kwamba kama seremala mwenzake amepona, baba naye atapona. Nami nikawatumia chupa ya pili.

Nimeona aibu isiyo na mfano. Leo nimemwambia bosi sitaandika tena, na lebo zilizobaki nimezichana.

Msomee baba barua hii akipata nguvu. Akiuliza yule seremala ni nani, mwambie ni yeye. Sikuwa na mzee mwingine wa kumwazia.

Nisalimie wote wanaowajulia hali. Nakuja Jumamosi, hata kama hutaki kuniona.

Mdogo wako,
Kasuku